Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta sekondari anajifunza nini hasa? Uzi wa wazazi, walimu na wanafunzi

ChakiNaKibodi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Huu ni mwaka wangu wa 14 nikifundisha sayansi ya kompyuta sekondari, na kila mwaka unapoanza hakosekani mzazi wa kuniuliza: "Mwalimu, huko mnafundisha nini? Mbona mwanangu kompyuta anaijua?" Nikidadisi, naambiwa mtoto anajua kuandika barua, kupamba slaidi, kupakua video na kuizima mashine ikiganda. Ni ujuzi mzuri, ila ni ujuzi wa kutumia kilichotengenezwa na wengine. Somo letu lina swali jingine: mashine isiyoelewa hata neno moja inapewaje kazi ikaifanya sawasawa? Na wewe unayeipa kazi, unatakiwa uwe umeielewa kazi hiyo kiasi gani kwanza?

Nitaandika kwa kirefu. Mwenye haraka aruke hadi sehemu ya makosa, maana ndiyo roho ya somo.

Namba. Ndani ya chipu kuna swichi ndogo mno, mabilioni kwa mabilioni, na kila moja ama imewaka ama imezimika. Hakuna kingine. Tunapoandika 347 tunamaanisha mia 3, kumi 4 na moja 7, yaani kila nafasi ni mara 10 ya iliyo kulia kwake. Kompyuta inahesabu kwa mtindo huo huo, ila nafasi zake zinapanda mara 2: moja, mbili, nne, nane. Ndiyo maana 1101 kwake ni 8 na 4 na 1, jumla 13. Tarakimu moja ya namna hiyo ni biti, biti 8 ni baiti, na baiti moja inabeba thamani 256, kuanzia 0 hadi 255.

Herufi nazo ni namba. Katika orodha ya ASCII yenye alama 128, A ni 65 na a ni 97. Kiswahili cha herufi za Kilatini kinaenea humo chote, hata ritifaa ya ng'. Huwa nawauliza wanafunzi neno "ng'ombe" lina baiti ngapi. Anayejibu 6 amesahau ritifaa, jibu ni 7. Mwaka mmoja binti alipima kwenye mashine akapata 9. Wenzake wakamcheka, naye akashikilia jibu lake. Tukakaa naye tukachunguza. Programu aliyoandikia ilikuwa imeibadilisha ritifaa ya kawaida ikaweka ile iliyopinda, ambayo haimo kwenye ASCII, na katika mpangilio wa UTF-8 inakula baiti 3 peke yake. Sita na tatu, tisa. Alikuwa sahihi. Siku ile darasa zima lilielewa Unicode, ile orodha kubwa inayozipa namba herufi za lugha zote, kuliko ambavyo ningewaeleza kwa wiki nzima.

Picha ni hivyo hivyo. Kila pikseli, yaani nukta moja ndogo ya picha, ni baiti 3, moja ya wekundu, moja ya kijani, moja ya buluu, na 256 mara 256 mara 256 inatupa rangi 16,777,216. Picha ya pikseli 1,000 kwa 1,000 ni baiti 3,000,000 kabla haijabanwa. Mwanafunzi akishajua hivyo, anajua kwa nini simu inajaa.

Algorithimu. Neno limetokana na jina la al-Khwarizmi, mtaalamu wa hesabu aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Maana yake ni mpangilio wa hatua usioacha pengo, wenye mwanzo na mwisho. Mfano wangu wa siku zote: fikiria namba yoyote kati ya 1 na 1,000,000, mimi nitaipata kwa makisio yasiyozidi 20, ili mradi uniambie kila mara kama nimezidisha au nimepunguza. Siri ni kukata katikati kila mara. Nusu ya nusu ya nusu, na 2 ikijizidisha mara 20 inapita milioni.

Halafu nawauliza: mbinu hii ingefaa kama kadi za namba zingekuwa zimechanganywa ovyo mezani? Haifai. Lazima zipangwe kwanza. Basi tunajifunza kupanga. Ile njia ya kulinganisha kila jozi ya majirani na kuwabadilisha nafasi wakiwa hawako kwa mpangilio inaeleweka upesi, ila vitu 1,000 vinaweza kudai milinganisho 499,500. Njia ya kugawa orodha nusu kwa nusu, kupanga kila kipande, kisha kuviunganisha, haifiki 10,000. Mashine ni ile ile. Kilichobadilika ni wazo. Hapa ndipo huona nyuso zinabadilika, kwa sababu mtoto alikuwa anaamini kasi inanunuliwa.

Kuandika programu. Shule nyingi sasa zinatumia Python, moja ya lugha za kuandikia programu. Wanajifunza kigeu (chombo chenye jina kinachotunza thamani), sharti (kama hivi, fanya vile), kitanzi (rudia mpaka) na funksheni, yaani kazi ndogo uliyoipa jina ili uiite tena bila kuiandika upya. Ni hayo tu kwa asilimia kubwa. Ugumu hauko kwenye idadi ya vitu, uko kwenye kuvipanga.

Makosa. Miaka yangu ya mwanzo nilifundisha vibaya, niseme wazi. Nilikuwa naandika maelezo ubaoni, wanafunzi wanakariri sehemu za kompyuta na vizazi vyake, mtihani wanafaulu. Siku moja nikawapa programu ya mistari 6 yenye kosa moja, nikawaambia walitafute. Darasa zima lilikaa kimya. Hakuna aliyejua hata aanzie wapi, na walikuwa wamefaulu wote. Nilirudi nyumbani na aibu.

Tangu hapo kosa ndilo ninalofundishia. Kuna kosa la sarufi: umesahau nukta pacha, mashine inakataa kuanza na inakuonyesha mstari. Hilo ni jepesi. Kuna kosa la njiani: programu inaenda vizuri halafu inakutana na kugawanya kwa sifuri, inaanguka. Na kuna kosa la fikra, ambalo programu inaenda mpaka mwisho bila lalamiko lolote na inakupa jibu lisilo sahihi. La tatu ndilo linalomfanya mtu asome somo hili. Dawa yake ni karatasi. Chora jedwali, kila kigeu na safu yake, pitia mstari kwa mstari ukijifanya wewe ndiye mashine, andika thamani inavyobadilika. Usiandike unachotaka kitokee, andika kinachotokea. Wanafunzi wengi huchukua miezi kutofautisha hayo mawili.

Kuna mengine pia: milango ya mantiki, kanzidata (hifadhi ya taarifa zilizopangwa), mitandao, usalama, athari za teknolojia kwa jamii. Yatajitokeza kwenye maswali. Karibuni.

---

MamaWaWawili

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma mpaka mwisho na nimekushukuru, hasa hiyo ya ng'ombe. Binti yangu anatakiwa achague masomo mwezi huu. Kompyuta anaitaka, ila hesabu zinamsumbua, na kaka yake anamwambia hilo somo ni la wavulana. Nimruhusu?

---

ChakiNaKibodi

Marahaba mama.

Hesabu anazohitaji sekondari ni za kawaida: kujumlisha, kugawanya na kubaki na salio, vipeo vya 2, kusoma fomula. Kinachohitajika zaidi ni uvumilivu na mpangilio. Nimewahi kuwa na wanafunzi wazuri sana wa hesabu wakashindwa kwa sababu wanaruka hatua. Kichwani wanaliona jibu, mashine hailioni. Na nimekuwa na binti aliyekuwa wa wastani kwenye hesabu lakini akieleza jambo anaeleza moja baada ya jingine hadi unaliona. Yule aliwapita wote. Mwombe binti yako akueleze njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni kwa mtu asiyejua mji kabisa. Ukisikia ameanza na "unatoka mlangoni, unageukia kulia", mruhusu leo.

Kuhusu wavulana: mwaka 1843 mwanamke aitwaye Ada Lovelace alichapisha maelezo ya jinsi mashine ya Charles Babbage ingeweza kukokotoa namba za Bernoulli, hatua kwa hatua. Mashine yenyewe haikuwahi kukamilishwa, hatua zilikuwepo. Na Grace Hopper, mwanamke pia, ndiye aliyeongoza kazi ya mwanzo ya programu zinazotafsiri maelekezo kuwa lugha ya mashine, miaka ya 1950. Kaka yake anatumia matunda ya kazi hiyo kila siku.

---

FundiSeva

Mkuu, uzi mzuri. Mimi niko kazini kwenye mambo ya seva, kompyuta zinazohudumia nyingine mtandaoni. Naomba mkazo kwenye usalama na mitandao, maana umepita haraka hapo mwishoni.

Kazi yangu ya kwanza kabisa nilikabidhiwa mfumo ambao nywila za wateja zilikuwa zimehifadhiwa kama zilivyo kwenye kanzidata. Unafungua jedwali, unaziona zote, jina na nywila, jina na nywila. Waliojenga mfumo ule walikuwa wasomi. Hakuna aliyekuwa amewauliza swali rahisi: seva ina haja gani ya kuijua nywila ya mtu?

Jibu ni kwamba haina haja. Unaipitisha nywila kwenye funksheni ya kwenda tu, isiyorudi nyuma, inatoka alama ndefu zisizosomeka. Unahifadhi hizo. Mtu akiingia kesho, unapitisha alichoandika kwenye funksheni ile ile na kulinganisha alama. Tena kabla ya kupitisha unachanganya herufi za nasibu, tofauti kwa kila mtu, ili watu wawili wenye nywila moja wasifanane kwenye jedwali. Jambo hili kijana wa sekondari analielewa ndani ya kipindi kimoja. Nimejaribu kwa mdogo wangu, akaniuliza mwenyewe: "Kumbe ndiyo maana nikisahau nywila wananitaka niweke mpya badala ya kunitumia ya zamani?" Ndiyo, hasa. Na tovuti ikikutumia nywila yako ya zamani kwa barua pepe, ujue wanaiona.

---

ChakiNaKibodi

Fundi, nakushukuru, nimeunakili mfano huo wa mdogo wako kwa ajili ya darasa.

Kwenye mitandao tunawafundisha ujumbe unavyokatwa vipande, kila kipande na anwani yake, vinavyoweza kupita njia tofauti na kuunganishwa upande wa pili. Wanajifunza kwamba jina la tovuti ni la binadamu tu, na kuna mfumo wa kulitafsiri kuwa anwani ya namba kabla ya jambo lolote. Na hesabu za mwanzo zinarudi: anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ni biti 32, kwa hiyo zinatosha vitu kama bilioni 4.3, pungufu kuliko idadi ya watu duniani. Mwanafunzi anayejua vipeo vya 2 anaona mwenyewe kwa nini mfumo mpya, IPv6, umepewa biti 128. Sihitaji kumshawishi.

---

HesabuKwanza

Mwalimu mwenzangu, nafundisha hesabu na nimepewa pia kipindi cha kompyuta. Wanafunzi 50, mashine 6 zinazofanya kazi. Hayo yote unayoyasema nitayafanyaje?

---

ChakiNaKibodi

Mwenzangu, nusu ya somo hili haihitaji umeme. Sisemi hivyo kukufariji. Tim Bell na wenzake kule New Zealand wamejenga mazoezi mengi ya sayansi ya kompyuta bila kompyuta, na nimeyatumia.

Chukua kadi 5 kubwa, chora nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Simamisha wanafunzi 5 mbele, kila mmoja na kadi. Taja namba, wao waamue nani aonyeshe na nani afiche. Sema 21: wa 16, wa 4 na wa 1 wanaonyesha. Sema 31: wote. Sema 32: wanatazamana. Usiseme kitu. Acha mmoja aseme mwenyewe kwamba anahitajika mtu wa 6.

Kwa kupanga, wape wanafunzi 8 namba za kushika, wengine wawe wasimamizi wa kuhesabu milinganisho. Kanuni moja: hakuna kutazama mstari mzima, unalinganisha wawili tu kwa wakati mmoja, kwa sababu mashine nayo haioni mstari mzima. Wanakasirika mwanzoni kwa sababu macho yao yameshaliona jibu. Hasira hiyo ina thamani. Wanaanza kuuliza macho yao yalifanya nini hasa.

Mashine zako 6 zitumie kwa majaribio ya mwisho tu. Atakayekaa kwenye kibodi awe tayari na jedwali lake la karatasi limejazwa. Utaona foleni inakwenda haraka.

---

MpitaNjia

Naomba kuuliza kwa nia njema kabisa. Siku hizi akili mnemba inaandika programu nzima ukiielekeza kwa maneno. Kijana wangu amenionyesha, sekunde chache tu. Je, kuna sababu ya kumfundisha mtoto vitanzi na masharti? Si tunawafundisha kazi ambayo mashine itaifanya?

---

FundiSeva

Mkuu, mimi ninaitumia kazini kila siku na inanisaidia kweli. Lakini inaandika, na mimi ndiye ninayesaini. Wiki iliyopita imenipa kipande kilichosomeka vizuri kuliko ambavyo ningeandika mimi, na kilikuwa kinahesabu mwezi wa mwisho mara mbili. Nililiona kwa sababu nilijua pa kutazama.

---

ChakiNaKibodi

Swali lako ni la haki, MpitaNjia, na nimelifikiria sana.

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza. Sekunde kama 40 baadaye ilikuwa imesambaratika. Sehemu ya programu ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi bila tatizo. Ndani yake kulikuwa na mahali ambapo namba ya biti 64 inabadilishwa kuwa namba kamili ya biti 16, na biti 16 zenye alama ya hasi na chanya zinaishia 32,767. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi, namba ikazidi chombo chake. Programu ile haikuwa imeandikwa na mjinga, na kwenye roketi ya zamani ilikuwa sahihi. Hakuna aliyeuliza: je, sharti lililoifanya iwe sahihi bado lipo?

Hilo ndilo swali ninalotaka mwanafunzi wangu alibebe, aandike programu yeye au iandikwe na akili mnemba. Huwezi kuliuliza kama hujui kwamba namba ndani ya mashine ina ukubwa wa chombo. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huambiwa wajumlishe 0.1 na 0.2 kwenye Python. Wanapata 0.30000000000000004. Wanadhani mashine ni mbovu. Kisha tunakumbushana kuwa theluthi moja haiishi ukiiandika kwa desimali, 0.333 na kuendelea. Na sehemu moja ya kumi haiishi ukiiandika kwa mfumo wa mbili. Mashine imekata mahali. Mtoto aliyewahi kuiona hiyo kwa macho yake hawezi kumwamini mtu yeyote anayesema "kompyuta imesema hivyo".

Na kuna jambo la ndani zaidi, nalifundisha mwishoni kwa wale wanaopenda. Mwaka 1936 mwanahisabati Alan Turing alithibitisha kwamba hakuna njia moja ya jumla inayoweza kupewa programu yoyote na kutuambia bila kukosea kama itasimama au itazunguka milele. Si kwamba bado haijapatikana. Haiwezi kuwepo. Alithibitisha hivyo kabla kompyuta tunazozijua hazijatengenezwa. Kila mwaka kuna mtoto mmoja ambaye akilisikia hilo anabaki amekaa wenzake wakitoka.

---

MpitaNjia

Nimekuelewa, mwalimu. Nitamwonyesha kijana hiyo ya 0.1.

---

KipepeoBluu

Shikamooni wote. Mimi ni mwanafunzi, mwaka wa pili. Naombeni msaada, naona hapa kuna wanaojua. Tumepewa kazi ya kutafuta namba kubwa kuliko zote kwenye orodha. Kwenye mashine nimetumia Python, hapa naandika kwa Kiswahili ili kila mtu asome:

weka kubwa = 0
kwa kila namba katika orodha:
    kama namba > kubwa:
        weka kubwa = namba
onyesha kubwa

Nimejaribu kwa alama za mtihani 54, 71, 38, imeleta 71. Nimefurahi. Halafu mwalimu wetu akatupa nyuzijoto za mahali penye baridi: -12, -5, -9. Imeleta 0. Hiyo 0 haimo hata kwenye orodha! Sielewi imetoka wapi.

---

FundiSeva

Kipepeo, kosa lako liko kwenye mstari wa

---

ChakiNaKibodi

Fundi, ndugu yangu, tafadhali usimwambie. Naona umeishia njiani, ahsante.

Marahaba kijana. Chora jedwali, safu mbili: namba, kubwa. Andika thamani ya "kubwa" kabla kitanzi hakijaanza. Kisha chukua -12 na ujibu sharti kwa ndiyo au hapana. Tuandikie unachopata.

---

KipepeoBluu

Kabla ya kitanzi: kubwa ni 0.
-12 > 0? Hapana. kubwa bado 0.
-5 > 0? Hapana. Bado 0.
-9 > 0? Hapana. Bado 0.
Onyesha 0.

Aaah. Hiyo 0 niliiweka mimi mwenyewe mstari wa kwanza. Nilidhani ni kama kusema "bado hakuna kitu". Kumbe kwa mashine 0 ni namba kama nyingine, na ni kubwa kuliko zote tatu.

---

ChakiNaKibodi

Umeliona mwenyewe. Na angalia kwa nini lilijificha kwenye alama za mtihani: hakuna alama iliyo chini ya 0. Programu yako ilikuwa na sharti ambalo hukulitamka, hata kwa nafsi yako.

Sasa uianzishe na nini?

---

KipepeoBluu

Nilifikiri kuweka -1,000. Halafu nikaona nikipewa namba zote chini ya hapo nitarudi pale pale. Kwa hiyo naanza na namba ya kwanza ya orodha yenyewe, maana hiyo lazima imo.

weka kubwa = orodha[0]

(0 hapo ni nafasi ya kwanza, Python inahesabu nafasi kuanzia 0.) Imeleta -5. Alama za mtihani nazo bado 71.

---

MamaWaWawili

Sijui chochote kwenye mambo haya na nimefuatilia kama mechi. Hongera mwanangu. Nimemwita binti yangu aje asome.

---

HesabuKwanza

Kipepeo, swali kutoka kwa mwalimu wa hesabu: umesema namba ya kwanza "lazima imo". Lazima?

---

KipepeoBluu

Mwalimu, nimekaa na swali lako dakika 10. Orodha ikiwa haina kitu, hakuna namba ya kwanza. Nimejaribu, imeanguka mstari wa kwanza kabla hata ya kitanzi.

Sasa sijui ijibu nini. Nikisema 0 nitakuwa nadanganya, kama mwanzo.

---

ChakiNaKibodi

Mashine haitakusaidia hapo. Fikiria mtu atakayeisoma skrini. Anahitaji kuambiwa nini kilicho kweli?

---

KipepeoBluu

Nimeamua hivi:

kama orodha haina kitu:
    onyesha "hakuna namba"
vinginevyo:
    weka kubwa = orodha[0]
    kwa kila namba katika orodha:
        kama namba > kubwa:
            weka kubwa = namba
    onyesha kubwa

Nimeijaribu mara 5, na jedwali nimechora kabla ya kila jaribio. Alama za mtihani: 71. Nyuzijoto: -5. Orodha tupu: hakuna namba. Orodha ya namba moja, 8: 8. Ya tano nimeiandaa mwenyewe, nimeweka 3, kisha neno "saba", kisha 2. Imeanguka mstari wa 6, kwenye kulinganisha. Narudi kwenye karatasi.